Safari ya Kumshawishi Mama

Jumatano, 5 Novemba

Nimerudi zamu ya hospitali, miguu yawaka moto. Mama yuko dirishani, kama jana, kama juzi. Hapa Euless, Amerika, karibu na uwanja wa ndege, ndege zapita juu ya paa mchana kutwa, naye azitazama moja moja. Nyumba kaideki, sambusa kakaanga. Hajaongea na mtu tangu nitoke asubuhi. Aongee na nani? Majirani wa hapa hufunga mlango hata hujamaliza kusema hujambo.

Kibali chake chaisha mwezi ujao. Wakili ataka jibu: Mama akae moja kwa moja, au arudi Mombasa. Kila nikimuuliza, Inshallah. Nimechoka na Inshallah.

Ndiyo maana nimekodi RV, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani. Twende jangwani, magharibi huko, aone nchi hii ilivyo kubwa na nzuri. Kaka yangu Twaha anakuja kesho kutoka Houston. Ni dereva wa malori, ataliendesha yeye. Najua la moyoni mwake. Ataka Mama arudi. Haya, tutaona.

Baba alizikwa nikimtazama kwenye simu. Mtandao ukakatika wakifukia. Sirudii tena hilo. Sirudii.

Ijumaa, 7 Novemba

Monahans. Vilima vya mchanga mtupu mpaka macho yachoke. Watoto wa watu wanateleza juu ya vibao, wanapiga kelele.

Vita vya kwanza: choo. Mama kafungua kimlango, kaona choo. Kageuka, kaona jiko. "Mwapika hapa na choo chenu papa hapa? Wallahi sili chakula cha humu." Twaha alicheka mpaka akasimamisha gari kando ya njia. Mimi sikucheka. Pesa zangu hizo na mipango yangu.

Chai imepikwa nje, upepo ukatutia mchanga vikombeni. Mama kanywa bila kulalamika. Si kawaida yake.

Jumapili, 9 Novemba

Big Bend. Milima myekundu, miiba, kimya. Uzuri wa kutisha kidogo.

Maji yamekwisha. Mwenye RV alituapia kwamba tangi latosha wiki nzima. Maskini, alipiga hesabu ya watu wasiotawadha. Sisi watu wazima watatu, sala tano, na kopo la chooni juu yake. Adhuhuri mfereji umekohoa ukanyamaza. Nikamkaripia Twaha, aosha miguu kama aosha lori. Naye akanijibu. Tukawa twabishana pale kama watoto.

Mama katupita, kashuka. Kapiga viganja kwenye udongo, kapaka uso, kapaka mikono. Kasali. Alipomaliza katuangalia: "Mwagombania maji, na udongo wote huu?" Nikaona haya.

Jioni mzee wa Kizungu na mkewe, wa gari la jirani, wametuletea madumu ya maji. Mama kawatolea mahamri tuliyobeba kutoka nyumbani. Wakaketi nje pamoja mpaka jua likazama, wao Kiingereza, yeye Kiswahili, na kila mtu aitikia kichwa. Kuna kitu bibi yule alisema, Mama akacheka. Kicheko chenyewe kile, cha kujipiga paja. Tangu Machi alipokuja sijakisikia.

Nimeshinda. Nalala na furaha.

Jumatatu, 10 Novemba

Furaha gani. Asubuhi nimemwambia Twaha, umeona? Apapenda. Akanivuta mbali na gari Mama asitusikie. Anasema Mama hakufurahia Amerika, alifurahia kukaa nje na watu. Anasema hayo anayo tele kwao Kibokoni, Mombasa, bure, kila jioni. Nikamwambia yeye ataka kumrudisha ili apumzike na lawama, kwani hata simu hampigii. Neno baya. Si kweli, hupiga kila Ijumaa.

Akanijibu polepole: "Wewe humweki kwa ajili yake, dada. Waogopa tu kupigiwa simu siku moja."

Ningempiga kofi. Nimelia nyuma ya mti wa miiba, maana mti mwingine hakuna. Kilichoniuma ni kwamba ni kweli.

Mama kaona macho yangu mekundu. Kanipa chai.

Jumanne, 11 Novemba

Njiani kurudi. Twaha anaendesha, hatusemezani. Visima vya mafuta, visima vya mafuta. Nimemuuliza Mama waziwazi, utakaa nasi? Kanishika goti. "Inshallah, mwanangu."

Alhamisi, 13 Novemba

RV imerudishwa jana. Twaha kaenda zake Houston, lakini tuliagana kwa kukumbatiana. Leo sina zamu.

Mama kasali Adhuhuri sebuleni. Rakaa mbili, kama tulivyokuwa tukipunguza njiani, akatoa salamu. Nikadhani kasahau, uzee. Nikamwambia, Mama, safari imekwisha, tushafika nyumbani, ni nne sasa.

Akakunja mswala taratibu. "Nyinyi mmefika, mwanangu."

Twaha angemwambia sheria ya dini haimruhusu, miezi yote hii yuko hapa. Mimi sikutaka kumpa darasa. Alasiri nayo kasali mbili, ya msafiri. Nimemsikiliza nikiwa jikoni, na sufuria mkononi, mpaka alipotoa salamu.

Nimempigia wakili, nimemshukuru, nimemwambia basi. Nimempigia Twaha atafute tikiti mbili. Akaniuliza kama niko sawa. Nimemwambia sijui.

Nitampeleka mwenyewe. Yeye akifika atasali nne zake. Mimi sijui nitasali ngapi.