Mama Ametoa Shukrani Kabla Sijajibu

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita
Frigo ya chanjo kule zahanati ya Lemera imepanda joto tena. Programu yangu ilituma ujumbe asubuhi, muuguzi akausoma jioni. Wauguzi wa mlimani huzima simu mchana ili kutunza chaji. Sikulijua hilo nilipoiandika programu hapa Uvira, kwenye ofisi ya afya. Chanjo zimetupwa. Nimejikasirikia kutwa nzima.

Jumatano, tarehe 5
Ile kampuni kubwa ya kompyuta niliyoiomba kazi imejibu. Nimefaulu mtihani, kimebaki kikao kimoja cha usaili. Nikichukuliwa, nitahamia Nairobi. Mshahara wake ungetusahaulisha mengi. Nimemwambia Mama peke yake, na nikamwomba asiseme kwa mtu.

Ijumaa, tarehe 7
Kikao, kwa kompyuta. Umeme ulikatika katikati, nikaendelea kwa simu. Niliwaeleza kuhusu frigo na simu zilizozimwa, na kwamba sasa programu itapigia duka la jirani linalochaji simu za watu. Walifurahi kweli. Mmoja akasema kwao sitakutana tena na shida za namna hiyo. Kazi yangu itakuwa kufanya matangazo ya biashara yafunguke upesi zaidi. Alisema kwa wema. Moyo ukanishuka.

Jumamosi, tarehe 8
Wamenikubali. Nimemwambia Mama tu. Wananipa wiki moja nijibu. Sifurahi. Mjinga mimi.

Jumapili, tarehe 9
Mama amenimaliza! Wakati wa shukrani kanisani alisimama na kitenge kipya, wenzake wa kwaya wote nyuma yake. "Mungu iko muzuri! Binti yangu Neema, kampuni ya wazungu imemupatia kazi, anaenda Nairobi!" Vigelegele. Wakacheza hadi mbele na kuku na mchele. Kilibula nzima, mtaa wetu, imenishika mkono. Nilicheka nao.

Jumatatu, tarehe 10
Kusema kweli, kwenda kuna maana. Mradi wetu unaweza kufungwa wakati wowote, na daktari mkuu wa ofisi yetu haniahidi kitu. Kule ningefundishwa na watu wanaonizidi. Hapa hakuna wa kuniambia nimekosea mpaka chanjo ziharibike. Hilo linauma.

Alhamisi, tarehe 13
Nimepanda Lemera. Nikiwa bado zahanati, mwenye duka akaja mbio. Programu imempigia! Mlango wa frigo haukufungwa vizuri. Muuguzi akausukuma, akarudi kwa wagonjwa wake. Basi. Chanjo zimepona. Nimefurahi mpaka nikaona haya.
Ninabaki.

Ijumaa, tarehe 14
Nimeandika kukataa. Kisha nikamwambia Mama jikoni.
"Weye unanipatisha haya mbele ya kanisa? Minye nitawaambia nini sasa?"
Nikasema nitawaambia mwenyewe. Hakunitazama tena.

Jumapili, tarehe 16
Nilisimama, nikasema siendi, nimechagua kazi ya hapa. Mtu mmoja akaguna. Mchungaji akasema amina, ibada ikaendelea. Mama hakukaa na kwaya. Alikaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na waliochelewa. Sijutii kuikataa kazi ile. Namhurumia yeye, na hilo sina dawa yake.

Jumanne, tarehe 18
Jioni kwaya ilifanya mazoezi, sauti zikafika mpaka uani kwetu. Mama hakwenda. Alikuwa anachambua mchele, amenipa mgongo. Ukafika ule wimbo anaouanzisha yeye siku zote. Mwingine akauanzisha. Mama akaufuata chini chini, mikono yake ikiendelea na mchele.