Wasio na Moshi wa Kuuza

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya nne ya kuhesabu. Nimesimama soko la Marikiti tangu saa moja asubuhi, kishikwambi mkononi na daftari la akiba, nikiandika kila chombo kinachobeba mzigo kuelekea Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Aina ya chombo. Aina ya mafuta. Uzito wa kukadiria. Kazi yenyewe nyepesi. Jua ndilo zito.

Mikokoteni inayashinda magari yote kwa wingi. Kwenye safu ya mafuta naandika: hakuna. Katana alipita na mkokoteni wake wa magunia, akapaza sauti apishwe njia, "Simile! Simile!" Ni hamali anayemletea mama nazi na muhogo tangu nikiwa darasa la tatu. Aliponiona akapunguza mwendo. "Karani, usisahau kuandika na jasho. Hilo nalo ni mafuta!" Wenzake wakaangua kicheko. Sikucheka. Nilikuwa kazini.

Muda wangu wa majaribio katika kampuni unaisha mwezi huu. Lazima niajiriwe. Sikusomea uchumi wa mazingira ili nirudi kukaa jikoni kwa mama.

Jumanne, 4 Februari

Mkurugenzi aliniita ofisini. "Swafiya, umeniharibia hesabu." Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. Kampuni yetu inaleta tuktuk za umeme za kubebea mizigo. Moshi utakaopungua unageuzwa kuwa hati. Hati zinauzwa ng'ambo, kwa viwanda visivyotaka kupunguza moshi wao. Mkokoteni hautoi moshi. Hauna cha kupunguza. Kwa hivyo hauna cha kuuza.

"Futa safu zote za mikokoteni."

Nikafuta. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Kinachonikera ni kwamba sikuona kosa. Kwa mujibu wa nilivyofundishwa, hesabu ilikuwa sahihi.

Alhamisi, 6 Februari

Rasimu ya ripoti imekamilika. Niliongeza sentensi ambayo sikuagizwa: "Ili kulinda hadhi ya Mji wa Kale, vichochoro vyake vitengewe vyombo vilivyosajiliwa katika mpango huu pekee." Mkurugenzi aliisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Akasema ndivyo anavyoandika mtu mwenye upeo. Ripoti imepelekwa serikali ya kaunti.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mabega juu. Nakiri nilijipenda sana leo.

Jumanne, 11 Februari

Tangazo limebandikwa ukutani sokoni. Kuanzia mwezi ujao, vichochoro vya Mji wa Kale ni vya vyombo vilivyosajiliwa pekee; mwenye pingamizi alipeleke kaunti ndani ya siku kumi. Ni sentensi yangu, neno kwa neno. Hata "hadhi" imo.

Mkokoteni hauwezi kusajiliwa, kwa kuwa katika orodha ya vyombo hakuna mkokoteni. Niliyeuondoa ni mimi.

Mama alilisoma tangazo akiwa njiani kutoka sokoni. Akaingia ndani bila hata kuvua buibui. "Hebu nambie, ni nani aloandika upuzi huu? Muhogo wangu utaletwa na malaika?" Nikajifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Jumatano, 12 Februari

Katana alikuja mlangoni. Hakutaka kuingia. "Dada Swafiya, si wewe ulituhesabu? Nilikuona kwa macho yangu. Sasa kule kaunti twaambiwa hatumo."

Nikamjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa.

"Linashughulikiwa na nani?"

Akaniambia tuktuk hizo haziuzwi. Kampuni inazikodisha kwa siku. Nilijua. Nimeuandika mwenyewe ukurasa huo, chini ya kichwa cha habari "Fursa kwa Vijana".

Mkokoteni ni mali yake. Aliuunda kwa mikono yake, kwa mbao na ekseli ya gari bovu. Sasa atakodi chombo cha mtu, na hata usafi wa safari zake utauzwa na mtu huyo huyo.

Aliondoka bila kuniaga. Haijawahi kutokea.

Ijumaa, 14 Februari

Situlii. Nimeanza kazi tatu, sikumaliza hata moja. Nimempigia mama kelele juu ya kijiko.

Kiwanda cha ng'ambo kitaendelea kufuka moshi kwa sababu kimenunua ruhusa hiyo katika barabara zetu. Katana hajawahi kutoa moshi, kwa hivyo anaondolewa barabarani. Miaka minne ya chuo kikuu, na hakuna mhadhiri aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Wala mimi sikuuliza. Nilikuwa nikitafuta alama.

Hesabu niliyofuta imo bado katika daftari langu la mkono. Jumatatu wawekezaji wanakuja. Nimeteuliwa kuwawasilishia ripoti.

Jumatatu, 17 Februari

Nimezirudisha safu zote. Nilizionyesha ukutani, mikokoteni ikiwa ya kwanza. Mgeni mmoja, mwenye adabu, akauliza vyombo hivi vitapunguza moshi kiasi gani.

"Havitapunguza chochote," nikasema. "Havijawahi kuchafua. Ndiyo maana mpango huu unaviondoa."

Mkurugenzi akatabasamu kwa meno tu, akasema kuna hitilafu ya takwimu, akaomba mapumziko ya chai. Ukumbini aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nimetaka sifa.

Si uongo kabisa. Sehemu fulani ya moyo wangu ilingoja makofi. Hayakupigwa.

Jumanne, 18 Februari

Nimeambiwa nisirudi kazini. Nimekabidhi kishikwambi na kitambulisho. Mama sijamwambia.

Alhamisi, 20 Februari

Kesho ni siku ya mwisho ya kupeleka pingamizi kaunti. Asubuhi nimekwenda kijiweni kwa mahamali, nyuma ya soko, na daftari langu. Nikawaeleza nilichofuta na nilichoandika. Yote. Hakuna aliyenitukana; ningependelea wanitukane. Mmoja akanisogezea kreti nikae.

Nikawaandikia barua, hesabu nikaiambatisha. Nikaanza: "Tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa turuhusiwe..."

"Soma tena hapo," Katana akasema.

Nikasoma.

"Turuhusiwe na nani? Njia hii twasukuma tangu wewe hujazaliwa. Toa hilo."

Nikaanza ukurasa mpya. "Sisi mahamali wa Marikiti tunabeba mizigo ya mji huu bila moshi, na tutaendelea kuibeba." Katana akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema mwandiko wangu ni mzuri, ila nimechelewa. Nikasema ndiyo.

Wengine walitia saini, wengine kidole gumba. Lori la vitunguu likafika, wote wakainuka kwenda kupakua. Katana akaniachia barua niipeleke kaunti, akaniambia nisiikunje bado.

Nimebaki peke yangu juu ya kreti, nimeishika karatasi kwa ncha zake mbili, nikingoja wino wa vidole ukauke.