Mama, Asubuhi Ile Nilikuwepo?

Shikamoo, Mama.

Sijui kama marehemu huamkiwa shikamoo, ila siwezi kuanza namna nyingine.

Tangu utuache, dada Zaina amerudi nyumbani Makuyuni, ndiye anayelima shamba lako. Mimi nimepanga chumba Kilole. Nimeingia chuo cha ualimu, Mama! Tunasoma saikolojia, na hiyo saikolojia ndiyo imenivuruga.

Wiki iliyopita mkufunzi alifundisha kumbukumbu. Alisema akili haitunzi mambo kama picha iliyopigwa. Kila tunapokumbuka tunalijenga jambo upya, na penye pengo tunaziba kwa tuliyoyasikia kwa wengine. Mtu anaweza kukumbuka asichokiona, na akakiapia. Wenzangu walicheka. Mimi nikaiwaza asubuhi uliyoondoka.

Naikumbuka vizuri. Umelala, khanga ya njano imekufunika mpaka kifuani. Ukanishika mkono, ukauliza, "Kuku wamefunguliwa?" Hukusema tena. Maneno hayo nimeyalilia, na siku nyingine yamenichekesha.

Jumamosi nilikwenda Makuyuni. Tukiwa tunapukuchua mahindi, nikamsimulia dada somo letu, kisha nikataja lile swali lako la kuku. Akaacha kupukuchua. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa.

"Mdogo wangu, wewe hukuwepo. Ulikuwa Handeni kwa mjomba. Ulifika tumeshamwosha Mama. Habari ya kuku nilikusimulia mimi."

Nikabisha. Nikamtajia khanga. Akasema haikuwa khanga, lilikuwa shuka. Sauti zikapanda. Sasa ule mkono ni wa nani, Mama? Nauhisi mpaka leo, una joto.

Nilimuuliza mkufunzi nitajuaje kumbukumbu ipi ni yangu. Akajibu kwamba kuwa na uhakika si ushahidi. Nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kama ni hivyo, dada naye je? Huenda hata lile shuka kalijenga yeye.

Jana nikampigia mjomba simu. Akasema alinisindikiza stendi ya Handeni baada ya kuletewa taarifa ya msiba, na nililia mpaka konda akanipisha kiti cha mbele. Safari hiyo siikumbuki hata kidogo. Niliyoyaona yamefutika, nisiyoyaona yamebaki. Nifanyeje na akili ya namna hii?

Basi, sikuwepo. Kichwa kimekubali, mkono bado.

Lakini tangu jana kuna jambo linanikaa moyoni. Kama sikuwepo, basi dada alikuwa peke yake na wewe. Miaka yote hii nimeibeba asubuhi yake kana kwamba ni yangu. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje.

Nitarudi Makuyuni Jumamosi hii. Nitamwomba anisimulie toka mwanzo, na sitamkatiza. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Lala, Mama. Tuko wawili, tutatunzana.

Mwanao,
Rehema