Mafuta ya Giaboksi na Jina la Kornelio

Mikocheni,
Dar es Salaam.
Jumatano, 11 Agosti 1976

Mpendwa Kaka Benedikto,

Shikamoo. Fundi Mwishehe wa Temeke amesema leo mchana, mbele yangu na mbele ya mwenyekiti wetu, kwamba mwanao Kornelio hakuiba mafuta. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa najua hulali. Sasa niambie hali yako, na kama wifi Eufrazia amepata nafuu ya mguu. Sie huku ni wazima, ila hatutulii.

Barua iliyopita nilikueleza nusu tu. Pikapu ya ushirika wetu wa wachongaji ni ile ya Kimarekani aliyotuachia mhandisi wa barabara. Haina klachi, gia hujibadilisha zenyewe. Tangu Juni ilianza kusumbua: inanguruma kwenye gia ya kwanza mpaka unadhani itapasuka, kisha inaingia ya pili kwa kishindo, magogo ya mpingo yanagongana huko nyuma. Mafuta ya giaboksi nayo yakawa yanapungua, na chini ya gari hakuna hata tone.

Mafuta hayo siku hizi hayapatikani mjini. Kila mtu akaamua kwamba kama hayavuji basi yanaibwa, na anayekaa na gari ni Kornelio. Wachongaji wakamwita Bwana Lita. Mie, kwa kuwa ndiye katibu, ndiye niliyekuwa napima asubuhi na jioni, na ndiye niliyeandika neno "wizi" kwenye muhtasari wa kikao. Wamemsimamisha kazi. Jumamosi wanaamua kama wampeleke polisi.

Mwishehe hakuanza na giaboksi. Alimwambia mwenyekiti, Alfonsi, awashe gari, yeye akasimama nyuma kutazama moshi. Ulikuwa mweupe.

"Huyu anakunywa," akasema.

"Nani, dereva?"

"Gari, Ndugu Mwenyekiti. Dereva angeyanywa haya usingemwona akitembea."

Akaingia chini, akachomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kikopo cha bati ubavuni mwa giaboksi. Mpira huo ni wa hewa tu: injini huvuta, na kwa mvuto huo giaboksi hujua wakati wa kubadilisha gia. Alipouinamisha, mafuta mekundu ya giaboksi yakamtiririkia kiganjani. Kiwambo, ule utando unaotenga hewa na mafuta ndani ya kikopo, kimechanika, na injini imekuwa ikiyafyonza mafuta na kuyachoma miezi miwili.

Kikopo kipya hakipo. Gozbert, mchongaji wetu, akachonga kizibo cha mpingo, tukaziba upande wa injini. Gia bado zinashtua, lakini safari ya leo ya Kurasini, kwenda na kurudi, mafuta hayakushuka. Nimepima mara tatu, injini ikiwa ya moto na inazunguka. Alfonsi anasema safari moja haitoshi, anataka tatu. Boneti imefungwa kwa waya na lakiri ya ofisi, mtu asije akaongeza mafuta kwa siri, na hatuifungui mpaka tuwepo sote. Hata hivyo nimetoka mara nne jioni hii kwenda kuchungulia chini ya gari.

Nilimwomba Kornelio radhi. Akanijibu, "Shangazi, andika kwanza. Radhi baadaye." Ana haki. Masahihisho nimeshayaandika, na nitayasoma kabla ya ajenda yoyote, hata Alfonsi akitaka yasubiri.

Ndiyo maana nakuomba, kaka, usimwite nyumbani. Akipanda basi kabla ya Jumamosi watasema amekimbia, na hapo kizibo hakitamsaidia tena. Barua hii anakuletea Mwajabu, jirani yangu, anayeondoka alfajiri na basi la Masasi, ili ikufikie kabla hujamtuma mtu.

Nisalimie wifi, Kasiani na watoto wake, na Mama Mauwa; mwambie kitenge chake nimekipata. Mungu awalinde na awape mavuno yasiyoliwa na wadudu.

Safari ya pili ni kesho, ya tatu Ijumaa. Kikao kinafunguliwa Jumamosi saa mbili asubuhi, gari likiwa limewashwa mlangoni na Alfonsi ameshika kijiti cha kupimia. Saa tano nitakuwa posta kukupigia telegramu.

Mdogo wako akupendaye na kukuwazia,
Adelina