Molekuli Yangu Imegeuka

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nina furaha ya ajabu kwa mtu aliyekiri kosa mbele ya watu tisa.

Kwa miezi mitano nimekuwa nikionyesha watu picha moja: kimeng'enya cha kimelea cha malale, na ndani ya shimo lake, molekuli niliyoibuni mimi ili siku moja iwe dawa. Mkono wake mrefu umeelekea ndani, umeshika pale nilipotaka ushike. Mama ameionyesha kanisa zima huko Ilford, London.

Lakini picha ile hatukuiona kwa macho. Eksirei hutupatia wingu tu, wingu lenye umbo, na sisi ndio tunaoipanga molekuli ndani yake. Ndiyo maana tuna desturi: unaiondoa molekuli yako, unaiacha kompyuta ilichore wingu upya bila kujua ulitarajia nini, halafu unatazama kama umbo litajitokeza lenyewe.

Nilifanya hivyo mara moja, harakaharaka, data zikiwa hafifu. Nikaona nilichotaka kuona.

Niliipenda mno.

Wiki hii tumepata data safi zaidi. Leo, kabla ya mkutano wa kikundi, nikaiondoa tena. Wingu likarudi, nene, zuri kuliko la zamani. Ila limegeuka. Upande niliodhani uko nje ndio uliozama ndani, na ule mkono wangu wa fahari unaning'inia nje, kwenye maji yanayokizunguka kimeng'enya, haujashika chochote.

Kesho Nilesh, mkemia wetu, angeanza kutengeneza molekuli mpya, zote za kuurefusha mkono ule ule. Ningenyamaza, angepoteza miezi, na huenda asingekuwapo wa kunilaumu.

Mkutanoni nikaweka picha zote mbili. Nikasema nilikosea.

Nilesh amezaliwa Rayners Lane, London hiyo hiyo, ila wazazi wake ni wa Kisumu, na Kiswahili chake cha nyumbani hukitoa akitaka kunichokoza. Akanifuata kwenye korido.

"Dada Neema, ule mkono basi niukate?"

"Ukate."

"Wote? Mkono uliotutambia nao Krismasi nzima?"

"Kata, Nilesh!"

Akacheka. Kisha akasema, taratibu, kwamba angalau sasa anajua aanzie upande gani.

Hilo ndilo ninalotaka kulikumbuka. Molekuli imo mle kweli. Imekaa inavyotaka yenyewe, na mimi nimeijua bila kuilazimisha. Sijawahi kujivunia kazi yangu kiasi hiki.

Jioni nikampigia mama, ambaye ni mkunga, alipotoka zamu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mwanangu, kanisani niwaambie nini? Kwamba dawa haimo?"

"Bado si dawa, mama. Lakini imo. Imegeuka tu, chini juu."

"Ah! Kwani wale niliowapokea wakitanguliza makalio si watoto?"

Nilicheka peke yangu chumbani mpaka machozi yakanitoka.

Kesho Nilesh anaanza na upande wa pili. Molekuli zake mpya zikija, nitaziondoa moja moja na kutazama kama zinarudi zenyewe, hata ile nitakayoipenda.

Hasa ile.