Picha ya Kuro

Marahaba, mjukuu wangu Neema.

Hapa Ifakara hatujambo. Mpunga umeanza kuchanua na goti langu limetulia kidogo. Ni ukimya wa nyumba tu ambao sijauzoea tangu babu yako atutoke.

Umeuliza kwa nini chuoni kwenu wanamweka sheshe, yule mnyama mwekundu wa mbugani bondeni kwetu, ukoo mmoja na kuro, yule mkubwa wa kijivu apendaye kando ya maji, wakati rangi yake ni ya swala. Rangi inadanganya, mama. Tazama pembe na manyoya. Nilijifunza hayo miaka ya tisini, babu yako alipokuwa akimpeleka dada mmoja mtafiti kwa mtumbwi kupiga picha za wanyama, azilinganishe. Siku ya mwisho nami nilipanda, nimevaa kitenge kipya, maana yule dada alituahidi picha yangu na babu yako pamoja. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja. Mara kuro dume akatokea ukingoni.

"Yule wa jana aligeuza kichwa, pembe hazikuonekana," babu yako akamwambia. "Mpige huyu. Sisi tupo, hatukimbii."

"Kumbe nina mke mwenza mwenye pembe!" nikanong'ona. Tukazuia kicheko mpaka mtumbwi ukayumba. Kuro akapigwa picha, pembe zikaonekana vizuri.

Mtafiti hakurudi tena. Msibani kwa babu yako tuliweka picha yake ya kitambulisho, ya uzeeni.

Sasa shangazi yako amejifungua mvulana, na watu wanabishana amefanana na nani. Mimi namwona babu yako wa siku ile, ila sina picha ya kuweka kando ya uso wake.

Bibi yako