Kumuuliza Msukuma Ana Ng'ombe Wangapi

Jumanne. Upepo wa vumbi tangu asubuhi hapa Samuye, na mimi nimeamka na hasira ambayo hata uji haukuishusha.

Ndama wa Masanja amekufa.

Masanja ni jirani yangu. Kila siku namwambia ana miguu ya korongo, naye hunijibu kwamba nilitoroka shule kwa kuogopa hesabu. Leo sikumtania. Nilimkuta amechutama kando ya zizi, ndama wa pili amelala mbele yake, tezi za chini ya masikio zimevimba, pumzi inamshinda. Ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Dawa yake ni kuogesha mifugo joshoni kabla haijaugua.

"Si ulisoma lile somo la simu?" nikamuuliza.

"Nililimaliza lote, mzee. Josho halikutajwa. Limenifundisha kujenga banda la ng'ombe wa maziwa."

Sasa, lile somo amelitengeneza binti yangu Kabula. Kazi yake pale Shinyanga mjini ni kuandaa masomo ya wafugaji, watu wanayasoma kwenye simu zao. Nikampigia. Kumbe programu anayotumia siku hizi inakuja na akili mnemba humohumo ndani. Inaanza kwa kumuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi, kisha inamkatia somo la kumtosha.

Masanja alijibu wawili.

Wawili, mtu ambaye ng'ombe wake wakivuka barabara unavuta sigara ikaisha bado wanapita.

Lakini ulitaka ajibu nini? Huku kwetu hata shemeji yako humuulizi idadi ya ng'ombe. Anayeuliza ana kijicho, au katumwa na wezi. Mashine ikameza uongo wake mzimamzima, ikamwona fukara wa ng'ombe wawili, ikalitupa somo la josho kwamba ni la wenye makundi.

Niseme na mazuri yake, nisije nikaitwa mshamba. Inasoma kwa sauti, na mke wa Masanja, asiyejua herufi hata moja, alisikiliza mpaka mwisho. Kabula naye anasema kazi inakwenda upesi. Sawa. Hata fisi anakula upesi.

"Wewe umekulia zizini," nikamwambia. "Hukuliona hilo?"

"Niliona, baba. Nilitaka tuulize ng'ombe wanakunywa wapi. Mwenye wawili atataja ndoo, mwenye kundi atataja lambo. Bosi akakataa. Alisema hiyo akili imekuja na programu, tumeshailipia, lazima itumike."

Hapo ndipo nilipowaka.

Yaani ukinunua shati lenye mifuko minne, ni lazima utembee umejaza mawe mifuko yote? Mwanangu ana akili yake ya kuzaliwa, nimeilisha ugali mimi mwenyewe, halafu anaambiwa aiweke kando kwa sababu ya akili ya kununua.

Na Alhamisi somo hilohilo, na swali lake lilelile, linapelekwa vijiji vyote hadi Tinde. Ndama wa huko nao wana mama zao.

Kabula ameniomba nisiende kwa bosi wake. Ninaenda. Kesho asubuhi nitaingia ofisini kwao, bosi ataniamkia shikamoo, nami nitaitikia marahaba kwa upole kabisa. Kisha mbele ya wafanyakazi wake wote nitamuuliza analipwa mshahara kiasi gani.

Akinidanganya, nitajua somo limemwingia.